NANI AMSIMAMIE MKOSAJI, NA NANI ALIPE?

Somo juu ya fedha za kaunti, ulinzi wa pamoja na vijana wa pwani ya kusini

Mtu aiachaye barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga pale Kanana, akashika njia iendayo baharini, hufika Shimoni, mji uliopewa jina lake na pango lililo kando ya gati. Karibu na pango hilo yako masalia ya majengo ya serikali ya siku za mwanzo za ukoloni: nyumba ya mkuu wa wilaya, ambayo siku hizi ni makumbusho, na gereza la zamani. Kabla ya makao ya wilaya kuondolewa hapo, mambo yote ya hukumu yalikuwa mahali pamoja. Aliyemkamata mtu, aliyemhukumu, aliyemfunga na aliyemlipa askari wa zamu, wote walikuwa chini ya bwana mmoja. Haki haikuwa nyingi, lakini hakuna aliyeuliza mfuko wa fedha ni wa nani.

Leo kazi hizo zimegawanyika. Askari amkamataye mhalifu ni wa Huduma ya Polisi ya Taifa. Hakimu amhukumuye ni wa Idara ya Mahakama, ambayo haipokei amri kwa mtu. Ofisa wa probesheni amwangaliaye baada ya hukumu hulipwa na Serikali ya Taifa. Lakini njia ya kijiji ambayo mkosaji atapewa kuifyeka, zahanati atakayoambiwa kuisafisha, na chuo cha ufundi ambacho pengine kingemfaa kuliko jela, vyote hivyo ni vya Serikali ya Kaunti ya Kwale. Mkosaji ni mmoja, na wenye mifuko ni wengi. Na kila mwenye mfuko humtazama mwenzake.

Jambo hili laonekana kuwa la maofisa na makarani, lakini kwa hakika ni la mvuvi wa Shimoni, Wasini au Majoreni ambaye asubuhi amekuta mashua yake haina mashine. Yeye hataki kujua kifungu cha sheria. Ataka kujua kama kijana aliyemwibia atarudi mwezi ujao na wenzake watatu.

KIKUNDI KATIKA SHERIA

Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ilipitishwa mwaka 2010. Kwa sheria hiyo, kikundi cha wahalifu ni watu watatu au zaidi walioungana kwa mpango ili kutenda makosa makubwa kwa faida yao. Mtu akithibitishwa kuwa amo kikundini aweza kufungwa hadi miaka 15, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kupata adhabu zote mbili. Sheria hii ni kali, na kwa kiongozi wa kikundi ukali huo ni haki yake. Watu wa Kisauni na Likoni, ambao kwa miaka kadhaa wamevamiwa na makundi ya vijana wenye mapanga, hawatamwonea huruma. Wala watu wa Ukunda na Diani, ambao hutenganishwa na Likoni na mwendo mfupi wa matatu, hawana sababu ya kujiona wako mbali.

Taabu huanza kwa yule asiye kiongozi. Mtoto wa miaka kumi na sita aliyesimamishwa njia panda apige mluzi askari wakija, naye huhesabiwa kuwa mmoja wao. Akifungwa miaka mitano pamoja na wakubwa wake, hutoka akiwa amefundishwa kazi aliyokuwa hajaijua. Sheria ya Watoto ya 2022 imelitambua jambo hilo kwa sehemu. Umri wa mtoto kuweza kuhukumiwa kwa kosa la jinai, ambao zamani ulikuwa miaka 8, umepandishwa kuwa 12. Na imewekwa njia ya kumwondoa mtoto katika mkondo wa mashtaka ili arekebishwe kwa namna nyingine. Lakini kumwondoa mtoto mahakamani ni nusu ya kazi. Yapasa awepo mtu wa kumpokea upande wa pili.

Wazee wa Kwale hawahitaji kuelezwa hatari ya vijana wenye hasira wasio na kazi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari 6 na kuchukua silaha. Msitu wa Kaya Bombo, ambako vijana walikuwa wamekusanywa na kulishwa viapo, umo katika Kwale. Katika wiki zilizofuata watu wengi waliuawa, na maelfu wakakimbia makwao. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikiliza ushahidi mwingi juu ya mambo hayo. Waliowatumia vijana wale walikuwa na fedha za kuwalisha msituni. Serikali ya mtaa haikuwa na fedha za kuwaita kabla hawajaingia humo.

KUMSIMAMIA MTU BILA KUMFUNGA

Kumwadhibu mtu nje ya jela si jambo geni katika Kenya. Sheria ya probesheni ilitungwa mwaka 1943, na kazi yenyewe ikaanza mwaka 1946. Kwa sheria hiyo, mahakama yaweza kumweka mkosaji chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miezi sita wala kuzidi miaka mitatu. Kulikuwa pia na desturi ya kuwatumia wafungwa wa vifungo vifupi katika kazi za serikali huku wakilala majumbani mwao, na mara nyingi msimamizi alikuwa chifu. Desturi hiyo iliharibika. Waliotakiwa kufanya kazi ya umma walionekana wakilima mashamba ya watu binafsi, na wengine hawakuonekana mahali popote.

Kwa hiyo ikaja Sheria ya Amri za Utumishi wa Jamii ya mwaka 1998. Mtu aliyetenda kosa ambalo adhabu yake si zaidi ya kifungo cha miaka mitatu, au ambaye hakimu aona kwamba miaka mitatu au pungufu yamtosha, aweza kuamriwa afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kwenda jela. Kabla ya kutoa amri, hakimu humtaka ofisa achunguze habari za mtu huyo: anakaa wapi, na nani, alikuwa akifanya nini, jirani zake wasemaje, na aliyekosewa asemaje. Kazi zenyewe zimetajwa: kutengeneza barabara, kupanda miti, kuhifadhi mazingira, miradi ya maji, kutunza shule na hospitali za umma, na mengine ya namna hiyo.

Yafaa msomaji asome tena orodha hiyo akiwa na Katiba ya 2010 mkononi. Mwaka 1998 barabara ya kijiji, maji, zahanati na jela zote zilikuwa za serikali moja. Katiba ilipogawanya kazi, sehemu kubwa ya mambo hayo, yaani barabara za kaunti, maji na afya ya msingi, ilikwenda kwa kaunti. Ofisa wa probesheni alibaki upande wa Nairobi. Basi msimamizi ni wa huku na kazi ni ya kule. Na asiyekuwa na moyo wa kushirikiana apata udhuru mzuri wa kukaa kimya.

Chukulia mfano. Kijana wa Shimoni wa miaka kumi na tisa amekamatwa kwa kusaidia kuuza mashine ya mashua iliyoibwa. Hajawahi kushtakiwa, na wenzake wawili wametoroka. Hakimu anataka ripoti. Ofisa wa probesheni yapasa asafiri hadi Shimoni, amwone mama wa kijana, mwenye mashua, na wazee wa mtaa. Tena huenda ikambidi kurudi mara ya pili kwa sababu siku ya kwanza mwenye mashua alikuwa baharini. Safari hizo ni mafuta ya gari au nauli. Ofisa asipokuwa na nauli, ripoti huchelewa, na kijana hungoja rumande, ambako wenye makundi hutafuta watu wapya.

Ripoti ikifika na amri ikatolewa, haja ya fedha haijaisha. Kijana amepangiwa kusafisha uwanja wa zahanati na kupanda mikoko ufuoni. Nani atampa jembe na fyekeo? Nani ataandika kwamba leo alifika saa mbili na akaondoka saa sita? Muuguzi wa zahanati ana wagonjwa wake, wala hakuajiriwa kuwa mnyapara. Asipoandika mtu, baada ya mwezi mmoja hakuna ajuaye kama amri ya mahakama imetimizwa. Mwenye mashua humwona kijana akitembea gatini, naye husema kwamba mahakama imemwachilia mwizi. Hapo ndipo watu huanza kutaka kujichukulia sheria mikononi mwao.

Gharama ya yote hayo ni ndogo ukilinganisha na kumlisha mtu, kumvika na kumlinda gerezani kutwa kucha. Lakini fedha za jela zimo katika makadirio kila mwaka, na fedha za fyekeo hazimo.

KAUNTI YARUHUSIWA KULIPA NINI?

Wako wasemao kwamba usalama ni wa Serikali ya Taifa, na kaunti isijitie. Wako pia magavana walionunulia polisi magari wakapigiwa makofi. Wote wawili hawajaisoma sheria mpaka mwisho.

Ni kweli kwamba Jedwali la Nne la Katiba limeweka polisi, mahakama na magereza mikononi mwa Serikali ya Taifa. Lakini katika jedwali lilo hilo kaunti zimepewa kuzuia dawa za kulevya, kuendesha vyuo vya ufundi vya vijijini, kutengeneza barabara zake na kuweka taa zake, na kuwashirikisha wananchi katika uongozi wa mahali wanapokaa. Fedha ambazo Kwale itazitia katika mambo hayo ni halali yake, haihitaji ruhusa ya mtu. Taa iliyowekwa njia ya gatini, nafasi ya masomo ya ufundi wa mashine kwa kijana aliye chini ya amri ya mahakama, matibabu kwa aliyetekwa na unga, jembe na fyekeo katika stoo ya zahanati: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kazi ya polisi, na vyote hupunguza kazi ya polisi.

Kaunti ikitaka kwenda mbali zaidi, kama kulipia mafuta ya gari la ofisa wa probesheni, yapasa yawepo mapatano ya maandishi kati ya serikali mbili. Kifungu cha 187 cha Katiba na Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012 vimeeleza namna ya kuhamisha kazi au kukaimisha. Si jambo la kupuuza. Mwaka 2025 Msimamizi wa Bajeti alizionya kaunti juu ya kutoa basari za wanafunzi wa ngazi zisizo zao bila mapatano kama hayo, na mabishano yakafika mahakamani. Ikiwa fedha za ada za watoto zaweza kuzuiwa kwa kukosa karatasi, za kuwasimamia wakosaji hazitapona.

Liko jambo jingine ambalo halikutiliwa maanani sana. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya 2011 imeagiza kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, mwenyekiti wake akiwa gavana au mjumbe wa baraza lake la utendaji. Ndani yake hukaa wakuu wa polisi wa kaunti, wajumbe waliotoka Bunge la Kaunti, na wakaaji waliochaguliwa kutoka kwa wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wa dini na wengineo. Kazi yake ni kupendekeza mambo ya kutangulizwa, kutazama mwenendo wa uhalifu na kuangalia matumizi ya fedha za polisi katika kaunti. Haina ruhusa ya kumwamuru polisi amkamate fulani au amwache fulani. Katiba imemkinga Inspekta Mkuu na amri za namna hiyo. Kwa miaka mingi baada ya 2011 kaunti nyingi hazikuwa na mamlaka hizo, na kamati za usalama zikaendelea chini ya makamishna wa kaunti. Matokeo yake ni kwamba gavana aliweza kununua gari la polisi, lakini hakuna kikao ambamo mvuvi angeweza kuuliza gari hilo lilikwenda wapi usiku mashine ilipoibwa.

WENGINE WALIFANYAJE

Huko Boston, Marekani, mwaka 1992 polisi na maofisa wa probesheni walianza kutoka pamoja usiku kuwatembelea vijana waliokuwa chini ya amri za mahakama, kuona kama wamo majumbani. Mwaka 1996 wakaongeza mpango mwingine: waliyaita makundi yenyewe kikaoni na kuyaambia wazi kwamba kundi litakalomwaga damu litaandamwa lote na idara zote kwa pamoja, na atakayetaka kutoka atasaidiwa na makanisa na watumishi wa vijana. Kati ya 1991 na 1995 vijana wa miaka 24 na chini waliouawa katika mji huo walikuwa wastani wa 44 kwa mwaka. Mwaka 1996 walikuwa 26, na mwaka 1997 walikuwa 15. Wataalamu bado wabishana ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na mpango wenyewe.

Uingereza ilichukua njia ya sheria. Kwa sheria ya mwaka 1998, kila halmashauri yapaswa kuunda kikosi cha vijana wakosaji chenye polisi, ofisa wa probesheni, mtu wa ustawi wa jamii, mtu wa afya na mtu wa elimu. Na idara hizo zaweza kutia fedha katika chungu kimoja. Chungu kimoja ndilo jambo la kutazama hapo. Anayetia fedha zake hupata sauti, na anayepata sauti huja kikaoni.

Walakini kuna hatari ambayo watu wa pwani ya kusini waijua vizuri. Polisi na msimamizi wakishikana mno, kijana hatamwambia msimamizi neno lolote. Mwezi wa Aprili 2015 Serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliokwenda kujiunga na Al-Shabaab wakataka kurudi. Baadhi walijitokeza. Wengine katika Kwale waliogopa, kwa kuwahofia wale waliowaacha na kuwahofia wale waliokuwa wakiwarudia. Mwezi wa Februari 2017 Kwale ikawa kaunti ya kwanza kuzindua mpango wake wenyewe wa kuzuia siasa kali, ambamo Kamishna wa Kaunti na Gavana hukaa meza moja pamoja na vyama vya raia na watu wa dini. Jambo hilo lilikuwa geni, nalo lastahili sifa. Meza iliyowekwa kwa ajili ya magaidi haishindwi kuwaweka wezi wa mashine, maana mara nyingi anayemshawishi kijana katika hili ndiye amshawishiye katika lile.

Shimoni yenyewe ina funzo lililo karibu zaidi kuliko Boston. Tangu kanuni za 2007, wavuvi wa kila bandari ndogo wana chama cha usimamizi wa ufuo, ambacho wenyewe hukiita BMU. Chama kina mkutano wa wanachama wote, kamati iliyochaguliwa, sheria ndogo zake na ada zake, nacho hushirikiana na maofisa wa uvuvi kulinda bahari dhidi ya nyavu zilizokatazwa. Mwanachama akivunja sheria ndogo, wenzake ndio wa kwanza kujua, kwa kuwa samaki wake hupimwa mbele yao. Huu ni usimamizi wa pamoja kwa fedha za pamoja, na hapana aliyelazimika kwenda ng'ambo kujifunza. Ofisa wa probesheni akimpata mweka daftari wa BMU akubali kuandika mahudhurio ya kijana apandaye mikoko, amepata msimamizi amjuaye kijana huyo tangu utoto, na amjuaye pia mwenye mashua.

Mweka daftari huyo hapaswi kuombwa afanye kazi hiyo kwa shukrani tu. Posho ndogo, daftari na fyekeo ni vitu vya kutiwa katika makadirio ya kaunti, na makadirio yana tarehe zake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaoutangulia, karatasi ya mipango ya fedha kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili, ndipo kamati ya bunge isikilize maoni ya wananchi. Mzee atakayelitaja jambo hili barazani Shimoni mwezi wa Oktoba amekwisha kuukosa mlango wa Septemba. Imebaki Februari, na asipofika kikaoni mwezi huo, umebaki mwezi wa Mei, makadirio yakiwa mbele ya kamati, wakati ambapo shilingi mpya haipatikani ila kwa kuondoa ya mwingine.